Fundi wa Seva Ajibu: Seva Mbili, Kiongozi Hakuna

Barua za mwezi huu nyingi zimegusa jambo moja, klasta ya kanzidata ya grafu, yaani seva kadhaa zinazotunza kwa pamoja data ya vitu (nodi) na mahusiano kati yake, nikaona nizijibu kwa pamoja. Karibu wote mlioandika mnatumia programu ya Neo4j, kwa hiyo mifano yangu ni ya huko, toleo la 5. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni ofisa TEHAMA wa SACCOS hapa Mwanza. Tuna kanzidata ya grafu inayoonyesha nani amemdhamini nani kwenye mkopo upi. Bodi ilitaka mfumo usiozimika, tukanunua seva mbili, mtaalamu akatufungia klasta. Juzi umeme ulikatika, seva moja ikazima na nyingine ikabaki hai. Cha ajabu, ofisa mikopo aliweza kusoma taarifa zote, ila kusajili mdhamini mpya kukagoma kabisa. Mtaalamu anasema seva iliyobaki ni mbovu, tuibadilishe. Ni kweli? Na kama tunahitaji ya tatu, tunaweza kuiweka kwenye wingu nje ya nchi?

JIBU: Marahaba. Msibadilishe chochote, na huyo mtaalamu msimlipe kwa ushauri huo. Seva yenu iliyobaki ni nzima. Ilikataa kuandika kwa sababu ndivyo ilivyoundwa.

Kwenye klasta ya Neo4j kila kanzidata ina kiongozi mmoja. Andiko lolote hupitia kwake, yeye hulisambaza kwa wenzake, na halihesabiwi kuwa limekubaliwa hadi zaidi ya nusu yao wote, yeye akiwemo, wawe wamelihifadhi. Utaratibu huu unaitwa Raft, na ulichapishwa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wewe unayekaa na bodi ya SACCOS sina haja ya kukufundisha akidi: kikao kisichotimia kinaweza kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita, lakini azimio hakipitishi. Sasa piga hesabu. Wajumbe wakiwa wawili, zaidi ya nusu ni wawili, hivyo akikosekana mmoja mmekwama. Wakiwa watatu, zaidi ya nusu ni wawili, mnaweza kumkosa mmoja. Wakiwa wanne wanahitajika watatu, yaani bado mnaweza kumkosa mmoja tu, na ndiyo maana sijawahi kumshauri mtu anunue seva ya nne kwa ajili hii. Watano wanawaruhusu kukosa wawili.

Kwa hiyo kwa upande wa kuandika, seva mbili ni mbaya kuliko moja. Mlipokuwa na moja, kuandika kulisimama ikizima hiyo moja. Sasa kunasimama ikizima yoyote kati ya mbili. Mmelipia nafasi ya pili ya kukwama.

Najua swali linalofuata: kwa nini basi iliyobaki isiendelee peke yake? Kwa sababu haijui kama mwenzake amekufa au ni waya wa mtandao tu umechomoka. Kama ni waya, zote mbili ziko hai, kila moja itajitangaza kiongozi, na kila moja itapokea maandiko yasiyofika kwa mwenzake. Kuna mfano ulioandikwa vizuri na wenyewe. Tarehe 21 Oktoba 2018 huko Marekani, kituo cha data cha pwani ya Mashariki cha GitHub, huduma ya kuhifadhi misimbo ya programu, kilikatika mtandao kwa sekunde 43. Ndani ya muda huo seva za kanzidata (MySQL) za Mashariki zilikuwa na maandiko ambayo hayajafika upande wa Magharibi, na mfumo wao ukawa umeshateua viongozi wapya Magharibi, nao wakaanza kupokea maandiko mapya. Waya ukarudi, lakini historia zikawa mbili, na kila moja ina kitu ambacho nyingine haina. Huduma ilikaa katika hali mbaya kwa saa 24 na dakika 11. Seva yenu ya Mwanza iliwaepusha na hilo, kwa bei ya ofisa mikopo mmoja aliyekasirika.

Nunueni ya tatu. Na isiwe kompyuta chakavu ya stoo. Katika Neo4j ya sasa hakuna mashine ya kupiga kura tu: kila mwanachama wa msingi hubeba data yote, na siku moja atakuwa kiongozi. Diski ya polepole kwenye mashine ya tatu utaiona siku hiyo.

Hapo sasa pa kuiweka. Wengi hawafikirii vya kutosha jambo hili, na ndilo linaloamua kila kitu. Usihesabu seva, hesabu vitu vinavyokufa kwa pamoja. Seva tatu kwenye chumba kimoja, zinazokula umeme kutoka laini moja na jenereta moja, kwa umeme ni seva moja. Na chungulia swichi ya mtandao. Nimekuta mara nyingi ofisi ambazo kila seva ina UPS yake nzuri, halafu swichi inayoziunganisha imechomekwa kwenye soketi ya ukutani karibu na birika la chai. Umeme ukikatika, seva tatu ziko hai na hakuna inayomsikia mwenzake, kwa hiyo akidi hakuna.

Kama mna tawi jingine mjini lenye chumba kinachofungika, wekeni ya pili huko, na ya tatu mji mwingine: Shinyanga, Geita, hata Dar es Salaam. Majengo mawili tu hayatoshi, kwa sababu kwenye mgawanyo wa mbili kwa moja, jengo lenye mbili likizima akidi inaondoka nalo.

Dar ni mbali lakini si vibaya. Nuru ndani ya nyuzi za mkongo husafiri takriban kilomita 200 kwa milisekunde. Barabara ya Mwanza hadi Dar inazidi kilomita 1,100, na mkongo ukifuata njia kama hiyo, kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 11 kabla hujahesabu vifaa vya njiani. Kiongozi akiwa Mwanza hutaona tofauti, kwa sababu anahitaji kura ya mwenzake wa mjini tu. Uongozi ukihamia Dar, kila andiko litasubiri jibu kutoka Mwanza. Kwa kusajili mdhamini mmoja hakuna atakayehisi. Lakini mkiingiza orodha ya safu 50,000 moja moja, hizo ni dakika tisa za kusubiri nuru tu. Ziingizeni kwa mafungu kwa kutumia amri ya `UNWIND`, elfu moja moja kwa muamala.

Wingu la nje: kiufundi inawezekana, ikiwa mbili zitabaki nchini. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika siku moja, na Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Siku kama ile mbili za nyumbani zingeendelea kuandika bila wasiwasi, mradi zote mbili ziwe hai. Kisheria ni habari nyingine. Nani kamdhamini nani ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti kuhusu kuzipeleka nje ya nchi. Mwulizeni mwanasheria wenu kabla ya kumwuliza muuza wingu.

Mkishaweka ya tatu, kuna mtego ambao karibu kila mgeni wa toleo la 5 hunasa. Seva tatu zikiungana hazimaanishi kanzidata yenu iko kwenye zote tatu. Mpangilio wa `initial.dbms.default_primaries_count`, unaotaja idadi ya wanachama wa msingi wa kila kanzidata, huanza na 1. Maana yake mnaweza kuwa na klasta nzuri ya seva tatu, na data ya wadhamini ikakaa kwenye moja tu. Andikeni `SHOW DATABASES` muone: kanzidata yenu inapaswa kutokea mara tatu, kila moja na anwani yake, na safu ya `writer` iseme kweli kwa mmoja tu. Ikitokea mara moja, amri ni hii, mkiweka jina lenu:

`ALTER DATABASE wadhamini SET TOPOLOGY 3 PRIMARIES`

Kubadilisha ule mpangilio kwenye faili baada ya klasta kuwaka hakusaidii. Neno `initial` lipo pale kwa sababu husomwa mara ya kwanza tu.

Kisha mjaribu. Jumamosi mchana, ofisi ikiwa imefungwa, tafuteni kiongozi ni nani na mchomoe waya wake wa mtandao. Msimzime kwa adabu kupitia amri, kwa sababu umeme wa Mwanza haukati kwa adabu. Kwa mipangilio ya kawaida wenzake huchukua kama sekunde 20 kabla ya kuamini kwamba amepotea na kuanza uchaguzi. Sekunde hizo kuandika kutagoma, ni kawaida. Nusu dakika baadaye jaribuni kusajili mdhamini. Rudisheni waya, mtazame anavyojaza alichokikosa.

Sasa swali ambalo hukuuliza. Kazi kubwa ya grafu yenu, nadhani, ni kunasa udhamini wa kuzunguka: mwalimu amemdhamini muuza samaki, muuza samaki amemdhamini bodaboda, bodaboda amemdhamini mwalimu. Kila mkopo ukitazamwa peke yake una mdhamini safi, na wote watatu hawana kitu. Kwenye grafu hilo ni mstari mmoja:

`MATCH p = (m:Mwanachama)-[:AMEDHAMINI*2..5]->(m) RETURN p`

Hiyo ni kazi ya thamani. Lakini je, ikisimama kwa saa mbili ofisa mikopo akamwambia mteja arudi mchana, SACCOS itafilisika? Marejesho na akiba viko kwenye mfumo wenu mwingine wa hesabu, sivyo? Mimi ningekuwa mjumbe wa bodi ningeuliza hilo kabla ya kusaini hundi ya seva ya tatu. Seva moja nzuri, yenye bakapu iliyojaribiwa kurejeshwa, inatosha kwa taasisi nyingi zinazoniandikia. Ila nyie mmeshanunua mbili na bodi imeshapitisha azimio, kwa hiyo nunueni ya tatu mmalize.

SWALI: Salamu fundi, naandika kutoka Mombasa. Sisi ni mawakala wa forodha, tuna grafu ya makontena, malori, madereva, waagizaji na nambari za simu. Klasta ina seva tatu na imewaka vizuri. Programu yetu ya Python mara inaandika, mara inaleta kosa la `Neo.ClientError.Cluster.NotALeader`. Rafiki akaniambia nibadilishe `bolt://` niweke `neo4j://`, nikabadilisha, sasa haiunganishi kabisa. Nikirudisha ya kwanza, kuna wakati dereva nimemhifadhi lakini nikifungua ukurasa wake, unaosoma kutoka seva nyingine, simwoni. Nifanyeje?

JIBU: Rafiki yako alikushauri vizuri, ila hakumaliza.

`bolt://` inazungumza na seva moja uliyoitaja, basi. Uongozi ukihama, unabaki unampelekea mfuasi maandiko, naye anakuambia kwa haki kabisa kwamba yeye si kiongozi. `neo4j://` inafanya kingine: draiva, yaani maktaba inayounganisha programu yako na Neo4j, inaiuliza seva ya kwanza ramani ya klasta, nani anaandika na nani anasoma, kisha inajipeleka yenyewe kwa anayehusika. Shida yako imo kwenye ramani hiyo. Kila seva hujitangaza kwa anwani iliyo kwenye `server.default_advertised_address`, na usipoijaza ni `localhost`. Kwa hiyo programu yako ilipouliza kiongozi yuko wapi, ilijibiwa yuko `localhost`, ikageuka kumtafuta kwenye mashine yake yenyewe, ambako hakuna Neo4j. Weka kwenye kila seva jina lake halisi, na uhakikishe mashine ya programu inaweza kulifikia jina hilo, siyo seva zenyewe tu. Poti ya 7687 iwe wazi kutoka kwenye programu kwenda seva zote tatu. Za 6000, 7000 na 7688 ni za seva kwa seva, ziache wazi kati yao na uzifungie watu wengine. Kwenye toleo la 5 huenda ukahitaji na 5000.

Ukimaliza hapo, angalia namna unavyoandika. Tumia `session.execute_write`, ambayo ikikutana na uchaguzi wa kiongozi husubiri na kujaribu tena yenyewe. Kwa sababu hiyo ile function unayoipa inaweza kukimbia zaidi ya mara moja. Tumia `MERGE`, ambayo haiundi tena kilichokwishapo, kwenye nambari ya kontena badala ya `CREATE`. Na tafadhali, usitume SMS ndani yake. Kuna dereva mmoja wa lori aliyewahi kupokea ujumbe uleule wa kupakia mzigo mara nne mfululizo usiku wa uchaguzi, akadhani ana safari nne.

Dereva asiyeonekana ndiye rahisi zaidi. Uliandika kwa kiongozi, ukasoma kwa mwingine ambaye hajapata andiko hilo bado. Neo4j hutoa alama baada ya kila muamala, inaitwa bukumaki; ukimpa msomaji alama hiyo, hatajibu mpaka awe amefika hapo. Ndani ya kikao kimoja draiva inafanya hivyo bila kuambiwa. Ukifungua kikao kipya kwa kila ukurasa, chukua `session.last_bookmarks()` ya kikao kilichoandika uipeleke kwenye kinachosoma. Kwa ripoti za mwisho wa wiki usihangaike nayo; data iliyochelewa nusu sekunde haimdhuru mtu.

SWALI: Fundi, mimi niko Dodoma. Mkuu wangu wa kitengo anasema tukiwa na nakala tatu za data kwenye klasta, bakapu ya kila usiku ni kujaza diski bure. Nimjibu nini?

JIBU: Mwombe kwa heshima ruhusa ya kuandika `MATCH (n) DETACH DELETE n` kwenye klasta ya majaribio, akiwa ameketi pembeni yako. Kiongozi atalipokea, atalisambaza, wenzake watalikubali kwa kura zote, na nakala tatu zitakuwa tupu kwa pamoja. Klasta haijui kosa ni lipi, inajua kulinakili kwa uaminifu.

Endelea na `neo4j-admin database backup`. Inafanya kazi kanzidata ikiwa hai, kupitia poti ya 6362, na baada ya bakapu kamili ya kwanza inaweza kuchukua mabadiliko tu, kwa hiyo hoja ya diski ina nguvu ndogo kuliko anavyodhani. Elekeza bakapu kwa mfuasi, kiongozi ana kazi zake. Ihifadhi nje ya seva za klasta. Na mara kwa mara irejeshe kwenye mashine nyingine, kisha uhesabu nodi na mahusiano ulinganishe na za asili. Bakapu ambayo haijawahi kurejeshwa siihesabu.

SWALI: Niaje fundi. Mimi ni mwanafunzi Nairobi. Nataka kujifunza kujenga klasta ya grafu lakini sina pesa, na maelezo ninayoyapata mtandaoni kila moja lina mipangilio tofauti. Kuna njia ya bure?

JIBU: Poa sana. Tuanze na mkanganyiko. Ukiona maelezo yenye `ha.initial_hosts`, funga ukurasa; hiyo ni njia ya zamani ya bwana na watwana, iliondolewa toleo la 4.0 mwaka 2020. Ukiona `causal_clustering`, ni ya matoleo ya 3 na 4. Chagua toleo moja, mimi ningechukua 5.26 kwa sababu ni la msaada wa muda mrefu, kisha usisome kitu kingine chochote isipokuwa mwongozo wa toleo hilo.

Klasta ya Neo4j iko kwenye toleo la Enterprise pekee. La Community ni huru kwa leseni ya GPLv3 lakini ni la seva moja. Kwa kujifunza, Enterprise inakubali majaribio ya siku 30 ukiweka `NEO4J_ACCEPT_LICENSE_AGREEMENT=eval`. Ukitaka huru moja kwa moja, kuna JanusGraph, iliyotokana na Titan na iko chini ya Linux Foundation tangu 2017, ambayo huhifadhi data kwenye kanzidata nyingine kama Cassandra au HBase. Uimara wake ni ule wa Cassandra, nao ni mkubwa, lakini utajifunza mifumo miwili badala ya mmoja, na lugha ya maswali ya Gremlin badala ya Cypher ya Neo4j. Kuna pia NebulaGraph, leseni ya Apache 2.0, inayotumia Raft kama Neo4j.

Na kama siku moja utaajiriwa mahali ambapo maswali ya grafu hayazidi hatua mbili tatu, kumbuka PostgreSQL, kanzidata ya kawaida ya majedwali, ina `WITH RECURSIVE` ya kufuata mahusiano hatua kwa hatua, na ikisimamiwa na programu ya Patroni inapata kiongozi mpya yenyewe. Nimeona timu zikinunua grafu kwa ajili ya swali ambalo PostgreSQL ilikuwa inalijibu vizuri tu.

Kwa sasa chukua Docker, programu inayoendesha seva ndani ya visanduku vilivyotengwa viitwavyo kontena, washa kontena tatu kwenye kompyuta yako mpakato. Ikiwa RAM ni GB 8 itahema, kwa hiyo bana kila kontena kwa `NEO4J_server_memory_heap_max__size=512m`; hizo alama mbili za chini kabla ya `size` si kosa la chapa, na ukiweka moja mpangilio hautasomwa inavyopaswa. Halafu unapojaribu kumuua kiongozi, tumia `docker kill`. Ukitumia `docker stop` kontena linapewa nafasi ya kufunga shughuli zake kwanza, nawe hutaona kile ulichotaka kukiona.